Mafuta ya «bio», pemba na ngula: namna ya kujaribu vipodozi vya asili pasipo kuumiza ngozi

Ku soko ya Kadutu, ku Nyawera, mpaka ndani ya vikapu vya bamama wanaotembeza vitu kwa miguu, neno moja limejaa siku hizi: «bio». Sabuni ni bio, mafuta ya karoti ni bio, na ile pomadi ya njano inayopimwa kwa kijiko kutoka ndani ya ndoo kubwa, nayo pia ni bio. Watu wengi wamechoka na kremu zilizowachoma uso, ndiyo maana wanakimbilia vitu vya asili. Hawana kosa. Shida ni kwamba chini ya jina hilo moja kunauzwa vitu vitatu visivyofanana hata kidogo: kitu kilichotoka shambani kweli, kitu cha kiwanda chenye picha ya tunda, na dawa kali ya farmasi iliyokorogwa na kubadilishwa jina.

Ulaya, bio kwenye chakula ni neno la sheria, na kuna watu wanaokwenda kukagua shamba. Kwenye ndoo ya soko hakuna anayekagua. Hapa kwetu ni OCC, Office Congolais de Contrôle, yenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa. Lakini mchanganyiko uliokorogwa ndani ya nyumba ya mtu na kugawanywa ndani ya chupa ndogo zisizo na jina haukupita mbele ya mtu yeyote. Mnunuzi ndiye anayebaki mkaguzi wa mwisho, na ngozi yake ndiyo maabara.

Kwa vitu vya kiwanda, angalia upande wa nyuma wa chupa, si mbele. Mbele kuna picha ya karoti, papai ao limau. Nyuma kuna orodha ya vilivyomo, na kawaida ya orodha hiyo ni kuanza na kilicho kingi na kumaliza na kilicho kidogo. Kama karoti inakuja mwisho kabisa, baada ya manukato, ujue wamekuuzia picha.

Vinavyofichwa ndani ya ndoo

Kuna vitu vitatu vya kuogopa. Cha kwanza ni hydroquinone. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na kwa muda mfupi mtu anaonekana mweupe kweli. Akiendelea miezi na miaka, mambo yanageuka: kwenye mashavu, karibu na macho, kunatokea madoa ya bluu-nyeusi, ngozi inakuwa na vipele vidogo vigumu, na hali hiyo ni vigumu sana kuiondoa. Afrika ya Kusini ndiyo ilikojulikana mapema. Munganga mmoja wa huko aliieleza mwaka 1975, na mwaka 1990 inchi hiyo ikaikataza hydroquinone ndani ya vipodozi. Umoja wa Ulaya nao umeikataza kwa kung'arisha ngozi tangu zaidi ya miaka 20. Côte d'Ivoire ilikataza kremu za kujichubua mwaka 2015. Karibu zaidi na sisi, mwezi wa kwanza 2019, wakubwa wa Rwanda walipita ndani ya maduka kuondoa mukorogo. Bukavu na Rusizi vimetenganishwa na mto tu, na kitu kilichokatazwa ng'ambo kinaweza kuvuka daraja sawa vile nyanya zinavyovuka.

Cha pili ni dawa za jamii ya cortisone, hasa clobetasol na betamethasone. Ni dawa za kweli, munganga wa ngozi anaziandika kwa ugonjwa fulani, kwa siku chache, sehemu ndogo ya mwili. Ndani ya ndoo zinapakalwa mwili mzima, asubuhi na magaribi, mwaka mzima. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, misitari inatokea kwenye mapaja na mabega, chunusi zinajaa, kidonda kinachelewa kupona. Bamama waliopasuliwa wakati wa kuzaa wanaijua shida hiyo, kwa sababu ngozi iliyochoka haishiki vizuri uzi wa munganga. Dawa hiyo pia inapita ndani ya damu na inaweza kupandisha sukari na tansio. Kwa mtu aliyeitumia mwili mzima kwa miezi mingi, kuacha siku moja ghafula kunaweza kumletea ugonjwa, juu mwili ulishazoea. Aende kwanza kwenye kituo cha afya, aseme kweli alichokuwa anapakala. Haya zisimzuie: munganga asiyejua hawezi kusaidia.

Cha tatu ni zebaki, ile ile inayotumiwa na wachimbaji wa zahabu huko Kamituga na Misisi. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni anaipokea. Kwenye etiketi inaweza kuandikwa mercury, mercurio, calomel ao Hg. Kuna alama nyingine ambayo wengi hawaijui: kremu ikikwambia usiiguse na pete ya zahabu, feza ao aluminiamu, iache. Zebaki inakula zahabu, wachimbaji watakueleza.

Mtu asiyekuwa na maabara atatambuaje? Hakuna njia ya hakika, lakini kuna dalili zinazotosha kukataa. Kitu kinachokufanya mweupe ndani ya wiki moja ao mbili si karoti, si papai, si asali. Hakuna mmea wa soko wenye nguvu hiyo bila kuchoma. Viungo vya vidole vikibaki vyeusi na mkono mwingine wote ukapauka, ni dalili ileile. Pomadi inayogeuka kahawia upande wa juu baada ya kukaa wazi inaweza kuwa na hydroquinone, kwa sababu hewa inaibadilisha hivyo. Muuzaji akikataa kutaja kilichomo, ao akisema ni «siri ya kabila», mushukuru na uende zako.

Namna ya kujaribu

Tuseme umepata kitu ambacho unajua kimetoka wapi. Bado kinahitaji kujaribiwa, hata kama ni asali ya mjomba wako. Allergie haiogopi vitu vya asili, na nyingi hazionekani papo hapo: zinatoka baada ya siku 2 ao 3. Ile tabia ya kupakala kidogo nyuma ya mkono pale sokoni, kungoja dakika moja na kulipa, haionyeshi kitu.

Njia ambayo minganga wa ngozi wanashauri ni nyepesi. Chagua sehemu ya ndani ya mkono, pale unapokunjika kwenye kiwiko. Pakala kiasi cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, mara 2 kwa siku, kwa siku 7 mpaka 10, sehemu ileile. Kama ni kitu cha kunawa, sawa vile sabuni ao pemba, kiache tu muda ambao ungekiacha usoni, kisha nawa. Usipoona kuwasha, vipele wala wekundu, jaribu siku chache kwenye taya, karibu na sikio. Kisha ndiyo uso.

Jaribu kitu kimoja tu kwa wakati. Huyu amenunua sabuni mpya, mafuta mapya na pemba siku moja ya soko. Jumapili uso umevimba. Atajua ni nini kati ya vile vitatu? Atatupa byote, ao mubaya zaidi atatupa kizuri na kubaki na kibaya. Tena upe muda: ngozi ya juu inajibadilisha kwa karibu wiki 4, basi huwezi kuhukumu mafuta kabla ya mwezi mmoja. Ila kuchoma, huko hakuna kungojea. Kikichoma, nawa na maji mengi na usirudie, hata kama muuzaji anasema kuchoma ni alama ya kufanya kazi.

Neno hilo la muuzaji ndilo linaharibu nyuso nyingi, na inafaa tueleze kwa nini. Ngozi nyeusi ikichokozwa inajibu kwa kutengeneza rangi zaidi pale pale. Kipele kidogo kinaacha doa, kuchomwa kidogo kunaacha doa kubwa linalokaa miezi. Kwa hiyo mtu anayesugua uso kwa nguvu ili madoa yaishe anaongeza madoa. Anayaona, anasugua zaidi, kisha siku moja anakwenda kununua ile ndoo ya njano. Ndiyo njia ambayo watu wengi wamepita kufika kwenye mukorogo: walianza na kitu cha jikoni.

Vya jikoni ambavyo ni bora kubaki jikoni

Ndimu ni ya kwanza. Maji yake ni makali sana kwa ngozi, na ndani mna kitu ambacho kikikutana na jua kinachoma sawa na moto. Bukavu iko karibu meta 1.500 juu ya bahari, karibu na mstari wa ikweta. Jua letu lina nguvu hata siku yenye upepo wa baridi kutoka ziwani. Mtu anapakala ndimu asubuhi, anakwenda Essence kwa miguu, kisha siku moja ao mbili baadaye shavu lina malengelenge. Dawa ya meno kwenye chunusi, acha. Bikarbonati pia: ngozi ina ukali kidogo wa asili unaoilinda, na bikarbonati inauvunja.

Sukari na kawa iliyotumika ni nzuri kwa visigino na viwiko, kwa uso hapana. Chembe zake zinakwaruza. Inchi ya kawa ya Kalehe na Idjwi haikosi mabaki ya kawa, basi miguu ipate faida. Alowe vera inapoza vizuri, lakini kata jani, lisimamishe nusu saa ili yale maji ya njano yatoke, kisha tumia ule utelezi mweupe peke yake. Yale ya njano yanawasha.

Kitu chochote kilicho na maji, sawa vile avoka iliyopondwa, alowe vera ao maji ya mchele, kitumie siku hiyohiyo. Microbe hazioni kama ni kipodozi. Kwao ni chakula. Mafuta matupu yasiyo na maji yanakaa miezi kama chupa ni kavu, imefungwa na haikai juani. Yakinuka kama njugu za zamani, yamekwisha.

Mafuta yetu

Watu wanatafuta mafuta ya karoti kwa dola, na mawese ya Fizi yako jikoni. Ile rangi nyekundu ya mawese inatoka kwa karotini, kitu kilekile kinachopa karoti rangi, na mawese yana miligramu 500 mpaka 700 ndani ya kilo moja. Yanalainisha vizuri ngozi kavu ya miguu na mikono. Hasara zake zinajulikana: yananuka chakula, yanachafua shati, na kwa uso wenye chunusi yanaziba. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao vina tabia hiyohiyo ya kuziba, basi mwenye uso wa mafuta avipakale mwilini tu.

Kutengeneza mafuta ya karoti nyumbani inawezekana. Kwaruza karoti, zianike mpaka zikauke kabisa, kwa sababu unyevu ndio unaleta ukungu. Zitie ndani ya mafuta, weka chombo juu ya maji ya moto kwenye mbabula, moto wa taratibu, saa 1 ao 2, kisha chuja. Yatakupa rangi kidogo ya machungwa ambayo inatoka ukioga. Hayakufanyi mweupe. Hayazuii jua pia, na hapa tunasema kwa sauti: hakuna mafuta ya soko, ya karoti, ya mawese wala ya karité, yanayozuia jua kiasi cha kutosha. Kwa wenzetu wenye albino jambo hili ni la uzima, kwa sababu jua linawaletea kansa ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu na kremu ya kweli ya jua ndivyo vinavyowalinda. Anayewauzia mafuta «bio ya jua» anawapeleka pabaya.

Karité wengi wanaijua kama kitu cha Afrika ya Magharibi, kumbe mti wake uko pia kwetu, upande wa Ituri na Uele, sawa na kaskazini mwa Uganda na Sudani ya Kusini. Ni aina yake yenyewe: siagi yake ni laini kuliko ile ya Mali ao Burkina Faso, inakaribia kuwa mafuta siku ya joto. Ukiletewa karité laini kutoka Aru, usidhani imechanganywa.

Kwa midomo inayopasuka wakati wa kiangazi, kuna kitu chepesi ambacho hata asiyezoea anaweza kutengeneza: sehemu 1 ya nta ya nyuki na sehemu 3 ya mafuta, kwa kupima uzito. Nta inayeyuka karibu digrii 63, basi iyeyushe juu ya maji ya moto, si juu ya makala moja kwa moja, kisha mimina ndani ya kopo dogo lililochemshwa na kukaushwa. Ikikuwa ngumu sana, yeyusha tena na uongeze mafuta.

Makiyaji: pemba, ngula, kakao

Pemba, ule udongo mweupe, unanyonya mafuta ya uso. Changanya na maji, pakala, ngoja dakika 10, nawa kabla haijakauka na kupasuka. Mara moja kwa wiki inatosha. Usiweke juu ya kidonda wala kitovu cha mtoto mchanga, kwa sababu udongo unaweza kubeba pepopunda. Na kwa wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: musichimbe pemba karibu na migodi na viwanda, udongo wa huko una chuma nyingi.

Ngula inastahili maneno mengi. Ni unga mwekundu unaosagwa kutoka moyo wa mti wa jamii ya Pterocarpus. Wakuba wa Kasai wanaiita tukula. Walijipakala nayo, wakaitia ndani ya vikwembe vyao vya raffia, na wakatengeneza nayo mabonge yaliyochongwa ya kutoa zawadi wakati wa matanga. Kabla ya kopo lolote la Paris kufika hapa, huo ndio wekundu uliokuwa wa sherehe. Leo, ukichukua kidogo sana na kuchanganya na tone la mafuta, unapata rangi ya mashavu na midomo ambayo inakaa vizuri kwenye ngozi nyeusi kuliko waridi nyingi za dukani. Jasho haliiondoi upesi, kwa sababu rangi yake haikubali maji. Beteravu ni kinyume: rangi yake ni ya maji, ndiyo maana inakataa kuingia ndani ya mafuta, na ukinywa chai moja midomo imerudi kama zamani.

Wauzaji wengine wanaweza kuongeza unga wa matofali. Tupia kidogo juu ya kaa la moto: ngula inaungua, inatoa moshi wa mti na kuacha majivu kidogo, tofali linabaki palepale. Jaribu pia kwenye mkono kwa siku zile 7, maana unga wa mti unaweza kuamsha allergie, na usiuvute puani ukiwa na pumu. Katanga ngula inatoka kwa mukula, na mti huo umekatwa sana kwa kuuzwa Asia, mpaka mwaka 2019 ukaandikwa kwenye orodha ya pili ya mapatano ya CITES, ile inayotaka ruhusa kwa biashara ya inje. Kijiko kimoja cha unga kinakutosha mwaka mzima, hauna sababu ya kununua kilo.

Poda ya uso wengi wanaitengeneza kwa kakao isiyo na sukari na unga laini wa mahindi, ule wa kukaza mchuzi. Ongeza kakao taratibu mpaka ifanane na shingo yako. Wengi wanapima kwenye kiganja, na kiganja ni cheupe kila mara; ndiyo maana tunaona nyuso zenye rangi mbili kwenye arusi. Kakao ya Beni na Mambasa ni nzuri, lakini maharage yake yanahitaji kukaangwa, kukamuliwa mafuta na kusagwa. Mwenye haraka anunue kopo la unga. Iweke kavu, na brashi ioshwe kila wiki.

Jicho ni sehemu ambayo hatushauri ujaribu kitu chochote cha nyumbani. Masizi na makala yaliyosagwa yanakwaruza, na wanja fulani wa unga unaouzwa bila etiketi una risasi, ile chuma inayoharibu ubongo wa watoto. Kalamu ya dukani iliyofungwa, isiyoazimana na dada wala rafiki, inatosha.

Usiku, makiyaji haya yanatoka kwa mafuta kuliko kwa sabuni kali. Tia matone machache ya mafuta ya alizeti ao avoka kwenye kitambaa cha pamba, pitisha polepole, kisha nawa na maji ya vuguvugu. Kitambaa cha ngula kiwe cha zamani, maana doa lake halitatoka.